Maafande walioomba kushushwa vyeo: kisa cha kamishna raia wa zimamoto New York

Mwanzoni mwa Februari 2023 kulitokea kitu New York ambacho ukisimuliwa haraka haraka unaweza kudhani umesikia vibaya. Kamishna wa zimamoto wa jiji, Laura Kavanagh, aliwashusha vyeo maafande watatu wa ngazi ya juu, watu wazima waliozeekea kwenye moshi. Hapo hakuna ajabu, mabosi hushusha watu kila siku. Ajabu ni kilichofuata. John Hodgens, yaani mkuu wa kikosi kizima, na John Esposito, mkuu wa operesheni, wakaomba na wao washushwe. Hawakusema wanaacha kazi, hawakugoma, waliomba kuteremshwa tu. Baada yao wakafuata wengine kadhaa, kila mmoja na ombi lake, nipunguzieni nyota nirudi chini.

Watu walikisimulia kisa hiki kwa namna mbili. Wa kwanza wakasema hii ni vita ya raia na wenye magwanda, mama wa ofisini asiyejua joto la moto anawafukuza wanaolijua. Wa pili wakasema hii ni vita ya mwanamke na wanaume waliokasirika kuongozwa na mwanamke. Mi sikatai kwamba vyote viwili vimo ndani, ila ukibaki hapo tu hutaelewa kwa nini silaha iliyochaguliwa ilikuwa kuomba kushushwa, maana hiyo silaha ni ya ajabu na haiko kila mahali. Ili uielewe inabidi uijue ngazi ya vyeo vya pale, na kwa kweli ukishaielewa hiyo ngazi kisa chote kinajieleza.

Idara ya zimamoto ya New York, wenyewe wanaiita FDNY, ina vichwa viwili. Kuna kamishna, huyu ni raia, anateuliwa na meya na meya akimchoka anamwondoa. Sheria mama ya jiji inampa kamishna mamlaka yote peke yake juu ya uendeshaji, nidhamu na mwelekeo wa idara. Hakuna mahali inapomtaka awe amewahi kuzima hata jiko. Halafu kuna mkuu wa kikosi, huyu ni mtu wa magwanda, amepanda kuanzia kwenye gari la moto. Jengo likiwaka, anayeamuru nani aingie na nani atoke ni mtu wa magwanda. Kamishna akifika pale anasimama pembeni, anapewa taarifa, halafu anaongea na waandishi. Siku hiyo kazi yake ndo hiyo. Siku nyingine zote kazi yake ni bajeti ya zaidi ya dola bilioni 2, wafanyakazi kama 17,000, ajira, mafunzo, ukaguzi wa majengo, kesi mahakamani, vyama vya wafanyakazi, madiwani, na magari ya wagonjwa ambayo yaliunganishwa na zimamoto mwaka 1996 na tangu hapo simu nyingi zinazoingia ni za wagonjwa, moto wenyewe ni sehemu ndogo.

Sasa ngazi. Ukiingia kama askari wa zimamoto unapanda kwa mtihani. Luteni mtihani, kapteni mtihani, mkuu wa batalioni mtihani, naibu mkuu mtihani. Ukifika hapo kwa naibu mkuu mitihani imeisha. Cheo hicho ni mali yako, kinalindwa na sheria ya utumishi wa umma, huwezi kunyang'anywa kwa sababu bosi kaamka vibaya. Juu ya hapo kuna vyeo vingine, wakuu wasaidizi, mkuu wa operesheni, mkuu wa kikosi. Hivyo havina mtihani, ni vya kuteuliwa, kamishna anakupa kwa kalamu na anakuondoa kwa kalamu ile ile.

Ndo maana wale maafande watatu waliposhushwa hawakuanguka mpaka chini, walitua kwenye unaibu mkuu, kile cheo chao cha mtihani. Kalamu ya Kavanagh ilikuwa na nguvu mpaka pale na ikaishia pale, chini ya hapo hata angetaka asingeweza. Na sakafu ile ile iliyomzuia yeye asiwashushe zaidi ndo iliyowapa wenzao uwanja wa kugomea. Hodgens na Esposito walikuwa wanajua kwamba wakirudi chini wanarudi kwenye cheo halali, mshahara upo, pensheni ipo, heshima kwenye stesheni ndo inapanda kabisa. Mtu wa kampuni binafsi akigombana na mkurugenzi chaguo lake ni kunyamaza au kubeba boksi lake aondoke. Hawa walikuwa na mlango wa tatu, na waliutumia.

Na hasara kwa kamishna ilikuwa ya vitendo kabisa, siyo ya aibu peke yake. Wale wakuu wa kuteuliwa siyo watu wa kukaa ofisini tu, wanapokezana zamu ya kuwa kamanda wa jiji zima. Moto ukiwa mdogo unaongozwa na mkuu wa batalioni, ukikua anakuja naibu mkuu, ukikua zaidi, magari ya kila upande yakaitwa, anakuja huyu wa zamu ya jiji kuchukua uongozi. Sasa ukiwa na wakuu wachache na wanaanza kujiondoa mmoja mmoja, zamu zinajazwa na nani? Kamishna hawezi kuvaa kofia aende mwenyewe. Hapo ndo mamlaka yote ya kwenye karatasi yanakutana na ukweli kwamba kuna kitu kimoja ambacho raia hawezi kukifanya wala kukiagiza dukani, na hicho kitu wamekishika wale anaowashusha.

Tumrudie huyu mama mwenyewe. Kavanagh anatokea San Francisco, alikuja kwenye siasa za New York kupitia kampeni ya meya Bill de Blasio, akaingia zimamoto mwaka 2014 kama mshauri, 2018 akawa naibu kamishna wa kwanza, yaani namba mbili upande wa raia. Februari 2022 kamishna Daniel Nigro alipostaafu yeye akakaimu, na Oktoba 2022 meya Eric Adams akampa kiti rasmi. Mwanamke wa kwanza tangu idara ianze kulipa mishahara mwaka 1865. Alikuwa na miaka 40. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba alishushwa na parachuti, alikuwa na miaka minane ndani ya jengo, anajua bajeti na ajira kuliko maafande wengi. Lakini miaka minane ya ghorofa za juu, siyo ya stesheni, na kwenye ile kazi hizo ni nchi mbili tofauti. Stesheni watu wanapika pamoja, wanalala pamoja, baba alikuwa zimamoto na mtoto zimamoto. Aliyekuja na kitambulisho cha ofisi atabaki mgeni hata akae miaka thelathini.

Hoja yake ilikuwa kwamba anataka timu ya kusukuma mabadiliko. Mi naona hoja hiyo ilikuwa na miguu, sababu muda ule ule jiji lilikuwa linaungua kwa kitu kipya. Betri za lithiamu za baiskeli na skuta za umeme, zile za wasambaza chakula. Mwaka 2021 moto wa betri hizi ulihesabiwa mara 104 na watu 4 wakafa, 2022 ukawa 220 na vifo 6, 2023 ukawa 268 na vifo 18. Huu siyo moto wa kawaida, betri inalipuka, moto unajaza chumba kwa sekunde, mara nyingi imechajiwa mlangoni kwa hiyo njia ya kutokea ndo inawaka kwanza. Juni 2023 duka la baiskeli Chinatown liliwaka usiku wa manane na likaua watu waliokuwa wamelala juu yake.

Moto kama huo huuzimi kwa kuongeza urefu wa hosi. Unauzima kwa sheria ya kuzuia betri za ovyo zisiuzwe, kwa kuwabana wenye majukwaa ya kuuza mtandaoni, kwa kwenda bungeni Washington kupiga kelele. Na hayo ndo Kavanagh aliyafanya, tena kwa bidii. Jiji likapitisha sheria Machi 2023 ya kuzuia kuuza betri na baiskeli zisizopimwa kwa viwango, ikaanza kufanya kazi Septemba mwaka ule, na yeye akaenda mpaka mbele ya kamati ya bunge la Marekani mwanzoni mwa 2024. Mwaka huo wa 2024 moto wa betri ulikuwa 277, mwingi kuliko wa mwaka uliotangulia, lakini vifo vikashuka mpaka 6. Siwezi kusema ni kazi yake peke yake, betri nyingi zilihamia kuchajiwa nje na watu wameelimika, ila ukitaka kuona kamishna raia ana faida gani basi angalia hapo.

Hapo hapo lakini kuna kosa lake. Kushusha watatu kwa mpigo, miezi michache tu baada ya kukalia kiti, halafu mkuu wa kikosi wako hayuko nawe! Ukiwa kamishna raia mkuu wa kikosi ndo mkalimani wako. Yeye ndo anawaambia wale wa chini kwamba bosi kaamua hivi na ina maana. Kama Hodgens angekuwa ameshawishika hata nusu, asingeomba kuvua nyota zake hadharani. Hiyo inanionyesha kwamba ama hakushirikishwa vya kutosha ama alishirikishwa akakataa na mama akaendelea tu, na yote mawili ni ajali ya kisiasa. Haki ya kisheria alikuwa nayo yote, hilo halina mjadala. Ila mtu anayeshika mamlaka ya kalamu peke yake akiitumia kalamu vibaya mara moja hana akiba nyingine ya kukopa, wakati afande aliyeongoza moto miaka thelathini akikosea uamuzi wa ofisini wenzake wanamvumilia, wanasema huyu wetu.

Upande wa maafande nao tusiwafanye malaika. Baadhi yao walikwenda mahakamani Brooklyn mwezi ule ule wa Februari, wakadai wameshushwa kwa sababu ya umri. Kesi ikavuta uchafu mwingine, kukawa na madai kuhusu orodha ya majengo ambayo ofisi ya meya ilitaka yakaguliwe kwanza, ya watu wenye majina. Humo kuna jambo zito kuliko ugomvi wa nyota, na nadhani halikupewa nafasi yake wakati ule, maana kila mtu alikuwa anaangalia sinema ya mama na maafande. Ukaguzi wa zimamoto New York ni pesa. Jengo halifunguliwi bila karatasi ya zimamoto, na kila siku ya kuchelewa mwenye jengo anapoteza. Sasa nani anaweza kuharakisha foleni?

Jibu likaja baadaye na halikumpendelea mtu wa magwanda. Februari 2024 FBI walipekua nyumba za wakuu wawili waliokuwa wanaongoza kitengo cha kuzuia moto, wote watu wa magwanda, Kavanagh akawaondoa kwenye nafasi zao. Septemba wakashtakiwa kwa rushwa ya kuharakisha ukaguzi, kama dola 190,000 hivi, na wote wawili wakaja kukiri kosa. Halafu kuna lile jengo refu la ubalozi mdogo wa Uturuki. Waendesha mashtaka walidai kwamba Adams, mwaka 2021 akiwa bado hajaapishwa kuwa meya, aliibana zimamoto ili jengo lifunguliwe Rais Erdoğan akija bila ukaguzi kukamilika. Adams alikana, na mashtaka yakafutwa kabisa Aprili 2025, kwa hiyo hayakuwahi kupimwa mahakamani. Ninachotaka uone ni tarehe tu. Mwaka 2021 kamishna alikuwa Nigro, mzima moto wa kupanda ngazi zote, aliyechukua ukuu wa kikosi baada ya Peter Ganci kufia kwenye minara pacha iliyoshambuliwa Septemba 11, 2001, siku ambayo idara ilipoteza watu 343. Presha ya wanasiasa haiangalii kama uliwahi kubeba hosi.

Hapa ndo nabishana na wale wanaosema dawa ni kuweka mzima moto kwenye kiti cha kamishna, tatizo limekwisha. New York wameshajaribu karibu kila aina. Miaka ya 1970 John O'Hagan alishika viti vyote viwili kwa pamoja, mkuu wa kikosi na kamishna, na hakuwa mtu wa kubahatisha, alikuwa na akili sana, alijua moto wa majengo marefu kuliko karibu mtu yeyote wa wakati wake. Ni katika uongozi wake zimamoto ilitumia hesabu za kompyuta za taasisi ya utafiti ya RAND kuamua vikosi vipi vya mitaani, wenyewe wanaviita kampuni, vifungwe ili kubana matumizi, na vilivyofungwa vingi vilikuwa kwenye mitaa maskini yenye moto mwingi, Bronx kusini ikaendelea kuteketea. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumwambia hapana, maana mtu mwingine alikuwa ni yeye mwenyewe.

Halafu Thomas Von Essen, kamishna kuanzia 1996. Huyu alikuwa askari wa zimamoto na zaidi ya hapo alikuwa rais wa chama chao cha wafanyakazi! Unataka mtu wa ndani kuliko huyo? Novemba 2001, wiki chache baada ya minara kuanguka, jiji lilipotaka kupunguza askari wa zimamoto wanaotafuta miili ya wenzao kwenye kifusi, waliandamana wakavutana na polisi mpaka wengine wakakamatwa, na hasira yao ilimfikia Von Essen moja kwa moja. Kwa baadhi yao alikuwa msaliti, na msaliti anachukiwa kuliko mgeni.

Na raia nao siyo kwamba wakikaa kile kiti mageuzi yanashuka kama mvua. Nicholas Scoppetta alikuwa mwanasheria, raia kabisa, kamishna 2002 mpaka 2009. Ni wakati wake serikali kuu ilipoishtaki New York kwamba mitihani ya kuajiri ya 1999 na 2002 iliwabagua weusi na Walatino, jiji likapigana badala ya kurekebisha, jaji akaamua dhidi ya jiji, na 2014 wakaja kumalizana kwa kama dola milioni 98. Raia wa aina hii hana kisingizio cha undugu wa stesheni, na bado mambo yalikuwa yale yale.

Kwa hiyo ukiniuliza, swali la uraia lilikuwa dogo kuliko lilivyopigiwa kelele. Swali kubwa ni kama kichwa cha ofisi na kichwa cha magwanda wanaongea kabla ya karatasi kutoka. Februari 2023 hawakuongea, au waliongea na hawakusikilizana.

Mwisho wa sinema hii ulikuwa wa kimya kuliko mwanzo wake. Hodgens na Esposito hawakushuka. Waliendelea na viti vyao, na Kavanagh akaendelea na chake, wote kwenye idara moja kama mtu na mke waliogombana mbele ya wageni halafu wakarudi nyumba moja. Aprili 18, 2023 gereji ya magari ya ghorofa ikaporomoka mtaa wa Ann, Manhattan, mtu mmoja akafa, na aliyekuwa anaeleza kwa waandishi kwamba jengo haliaminiki, askari wametolewa na badala yao wamepeleka mbwa wa roboti na droni, alikuwa Esposito yule yule, mkuu wa operesheni. Moto na vifusi havina habari na barua zenu.

Machi 2024 mambo yakachafuka tena, kwenye sherehe ya kupandisha vyeo Brooklyn askari walimzomea mwanasheria mkuu wa jimbo, Letitia James, aliyekuwa amemshtaki Trump, wengine wakaita jina la Trump, na uongozi ulipotangaza utawatafuta wazomeaji lawama zote zikamwangukia kamishna, nadhani kwa sababu alishakuwa jina la kulaumiwa. Julai 2024 Kavanagh akatangaza anaondoka. Hakuwa amefikisha miaka miwili kwenye kiti rasmi.

Adams akamweka nani? Robert Tucker, mwenye kampuni ya ulinzi, raia ambaye naye hajawahi kuwa mzima moto. Hakuna afande aliyeomba kushushwa. Na alipohitaji mkuu mpya wa kikosi kizima, kiti cha juu kabisa cha magwanda, akampa John Esposito.